Makena Hakoromi

Jumatano, 3 Septemba

Makena atapasuliwa. Jumanne, tarehe kumi na sita. Imeandikwa kwenye kadi kwa kalamu nyekundu.

Nilikuwa sokoni nakunja majani ya migomba, simu ikalia. Nilitangaza kabla sijajibu salamu ya mtu yeyote. Soko zima la Kangeta wakajua. Wafungaji wa miraa waliokuja kuchukua majani nikawaambia wangoje, kwanza wasikie. Binti yangu, mwalimu, wa kwanza kwa nyumba yetu kushika cheti cha chuo, ananiletea mjukuu baada ya miaka sita ya kungoja. Mmoja akasema basi leo majani ni bure. Sikumpa. Furaha ni furaha, majani ni majani.

Anapasuliwa kwa sababu ya presha, na mtoto amekaa makalio chini. Pia uzito. Makena ni mkubwa. Nasema mkubwa, sisemi mnene. Mzani wa zahanati ya hapa ulimkataa, mshale ukagonga mwisho. Ule wa Meru mjini ulisema kilo mia moja thelathini na nane. Nimemlea mimi, kwa maziwa na ndizi na maharagwe meusi ya njahi, na hajawahi kulala njaa hata siku moja. Akipita barabarani watu wanajua ametoka nyumba ya kula.

Yuko kwangu tangu Juni. Mume wake, Njeru, anaendesha lori la maji la wajenga barabara huko Marsabit. Anarudi mwisho wa mwezi tu.

Ijumaa tunaitwa tena. Kuna daktari wa usingizi anataka kumwona, na amesema watu wa nyumbani waje. Sijui anatutakia nini. Si sisi tunapasuliwa.

Alhamisi, 4 Septemba

Mama Njeru amefika kutoka Kanja kwa ajili ya kesho. Ameleta nduma, mkungu wa ndizi na kuku. Mwembamba kama fito. Anakula kidogo, anashukuru kwa kila kitu, anaosha kikombe chake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo ananichosha. Nimefagia ua mara tatu. Nimetoa vikombe vya wageni. Mkwe kwetu ni muthoni, na muthoni ni muthoni, mbele yake hata kukohoa nachagua.

Nimempa chumba cha nyuma, kule karibu na ng'ombe. Nilimwambia huku mbele kuna baridi.

Mtoto akiwa msichana ataitwa Igoki, jina lake. Ndiyo desturi, sina neno. Jina litakuwa lake, mashavu yatakuwa yangu.

Ijumaa, 5 Septemba

Daktari wa usingizi ni msichana. Nilitegemea mzee. Ni mdogo kuliko Makena, amevaa raba. Kazi yake si kupasua. Kazi yake ni kulinda pumzi wakati wenzake wanapasua. Alisema hivyo mwenyewe, nikampenda.

Alipima shingo ya Makena kwa tepu kama ya fundi wa nguo. Akamwambia afungue mdomo atoe ulimi. Akaeleza. Atadungwa sindano ya mgongo, kuanzia kifuani kwenda chini asisikie kitu, lakini atakuwa macho. Shida ni kulala chali. Mtu mkubwa akilala chali, kifua na tumbo vinakalia mapafu, na mtoto naye anasukuma kutoka chini. Hewa inamwishia haraka. Ndiyo maana anataka kujua kila kitu kuhusu pumzi yake.

Akauliza kama Makena anakoroma. Makena akasema hajui, wakati huo yeye huwa amelala. Tukacheka. Daktari alicheka kidogo, akatugeukia sisi mama wawili. Anakoroma mpaka nje ya mlango? Kuna wakati pumzi inakatika, halafu anashtuka? Anasinzia mchana?

Mama Njeru akautazama mkoba wake.

Nikajibu mimi. "Makena hakoromi, daktari. Analala kama maji mtungini."

Akaandika hapana.

Jumamosi, 6 Septemba

Sina raha.

Najua kwa nini nilisema vile. Nilipokuwa msichana kuna mke wa jirani alirudishwa kwao. Watu walisema ni kwa sababu ya kukoroma. Labda kulikuwa na sababu nyingine, lakini hiyo ndiyo iliyobaki midomoni. Na jana Mama Njeru alikuwa ameketi pale, magoti pamoja, mkoba juu ya magoti. Miaka sita bila mtoto. Maneno ya Kanja yalinifikia miaka hiyo yote, hata kama si yeye aliyeyasema. Sikutaka kumpa lingine la kubeba nyumbani.

Ukweli ni huu. Makena anakoroma kama mashine ya kusaga unga. Tangu mimba iwe kubwa imezidi. Sauti inapanda, inapanda, halafu kimya. Halafu anavuta hewa kama mtu aliyetolewa mtoni.

Mama Njeru aliondoka asubuhi, ng'ombe wake hawana mkamuaji. Saa nane mchana mimi na Makena tulikuwa tunachambua maharagwe, akapitiwa na usingizi, ungo mapajani. Sikumwamsha. Nilikaa nikamsikiliza kwa makini, jambo ambalo sijawahi kufanya. Siku zote nilidhani ni usingizi wa kushiba.

Sikupenda nilichosikia.

Jumatatu, 8 Septemba

Tumehamia Meru mjini. Hospitali wanataka Makena awe karibu, presha ikipanda ghafla Kangeta ni mbali. Tumepata chumba Majengo, nyuma ya bucha, kwa Mama Halima. Anauza viungo vya pilau, anasali kwa wakati, na Kiswahili chake kinanifanya nione haya na changu. Ukuta wa kututenganisha ni mbao.

Nimemwambia binti yangu ni mwalimu. Nimemwambia mara mbili. Akasema hata mara ya kwanza alisikia.

Jumanne, 9 Septemba

Wiki moja imebaki.

Leo baada ya sala ya adhuhuri Mama Halima alikuwa chumbani kwake anavuta tasbihi. Makena amelala upande huu. Mimi nje naanika nguo. Mama Halima akatoka, tasbihi mkononi, akaja kusimama karibu nami kuliko kawaida.

"Mama Makena, mwanao hakoromi tu. Anakata pumzi. Leo amenyamaza nikavuta punje kumi na tisa kabla hajarudi. Nimepoteza hesabu ya Mungu kwa kumhesabia yeye. Daktari anajua?"

Nikasema anajua.

Akasema alhamdulillahi, akaenda zake. Amenipikia hata chai. Nimeinywa kama sumu.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeamua kumtibu mwenyewe. Tangawizi na asali asubuhi. Kulala kwa ubavu. Halafu nimejenga mteremko, magodoro mawili, na nusu gunia la njahi chini upande wa kichwa. Nimepanga kama ninavyopanga majani, zito chini, laini juu. Akalala mchana nusu ameketi. Kukoroma kukapungua kweli. Nikajisifu. Nikaanza hata kuimba.

Halafu kimya. Nikahesabu kwa vidole. Vidole vikaisha. Nikaanza upya na mkono wa kwanza, ndipo akashtuka.

Wenzangu wa sokoni wamepiga simu. Wanapanga kuleta uji wa ucuru na kuni. Wanauliza kama kila kitu ni sawa. Ni sawa, nikasema. Nimekuwa mwongo asubuhi, mchana na jioni, kama dawa.

Alhamisi, 11 Septemba

Saa nne asubuhi. Makena na kikombe cha chai mkononi, ananieleza habari za watoto wa darasa lake, vile mmoja anakula chaki. Katikati ya neno akalala. Chai ikamwagikia dera lake. Hakusikia moto wake. Midomo ilikuwa imegeuka rangi, si rangi ya mtoto wangu.

Nikamtikisa. Nikamtikisa tena. Akafungua macho akasema niwache, amechoka tu, mimba ni kazi. Akaona dera limelowa akacheka.

Mimi sikuweza kucheka. Nilienda chooni nikakaa huko mpaka mpangaji mwingine akagonga.

Hawezi kufa kwa sababu ya mdomo wangu. Hapana.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimesema.

Nilitoka mapema, nikamwambia Makena naenda kutafuta maziwa. Nilikaa kwenye benchi la hospitali mpaka saa nne. Nilikuwa nimepanga maneno. Ningesema kukoroma kumeanza juzi. Hapo hakuna aibu, hapo hata mimi napata kushangaa pamoja na daktari.

Akatoka na kofia ya kitambaa kichwani, amechoka. Akanitambua. Akasema, mama ya mwalimu. Ni mimi mwenyewe nilimfundisha kuniita hivyo, ile siku nilipojigamba. Maneno niliyopanga yakaniponyoka. Nikamwambia nilidanganya, nikaeleza kila kitu nimesimama palepale, na watu wanapita na vitanda.

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliniingiza ofisini, akafungua faili, akapiga mstari juu ya ile hapana. Akaniuliza upya swali kwa swali. Nikajibu. Hata punje kumi na tisa nikamwambia.

Kisha akanieleza ambacho kingetokea. Baada ya kupasuliwa angepewa ile dawa kali ya maumivu ambayo wengi hupewa. Mtu anayepumua vizuri haimdhuru, lakini huyu anayekata pumzi inaufanya usingizi wake uwe mzito, na pumzi ikikatika hashtuki. Wodi ya kawaida, nesi mmoja, akina mama wengi.

Nikauliza, halafu inakuwaje. Akasema, haamki.

Kuna mashine inayopuliza hewa ya joto yenye unyevu kupitia puani. Iko moja tu, inakaa kwa wagonjwa mahututi, lazima iombwe mapema. Kwa hivyo tarehe imesogezwa. Anaingia wodi Jumatatu, anapasuliwa Alhamisi tarehe kumi na nane. Daktari amesema niwajulishe watu wa nyumbani, na niwaambie na sababu.

Na sababu.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimemwambia Makena. Alikuwa anapaka miguu mafuta, mimi nimeshika chupa kwa sababu hafikii nyayo. Nilianza na mashine, nikaenda kwa dawa, nikazunguka sana. Mwishowe nikafika kwa lile neno nililomwambia daktari.

Akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio uliniua. "Mami, ulinionea aibu?"

Mimi. Ninayemtangaza soko zima. Ninayeonyesha picha yake ya kuhitimu kwa watu waliokuja kununua majani. Nikasema hapana, si wewe, ni Mama Njeru. Akasema Mama Njeru hakusema kitu siku ile, aliyesema ni mimi.

Nikapaka nyayo zake mpaka mafuta yakaisha.

Jumapili, 14 Septemba

Sikuenda kanisani. Mama Njeru amepiga simu kuuliza kwa nini siku imesogezwa. Nikasema ni mambo ya mashine. Akasema sawa. Akabaki kwenye simu kama mtu anayengoja. Nikamwambia salio linaisha. Ni yeye aliyepiga.

Makena amenipa sehemu ya mwisho ya nyama kwenye sahani yake. Basi amenisamehe, au ameshiba.

Jumatatu, 15 Septemba

Amelazwa. Kitanda cha pembeni, dirishani. Mchana daktari alimwekea kibanio kidoleni chenye taa nyekundu, kikiwa na waya kwenda kwenye kioo. Akamwambia alale tu kama kawaida. Mimi na nesi tukatazama namba ya hewa iliyo kwenye damu. Akiwa macho, tisini na sita. Alipolala ikashuka. Tisini. Themanini na nne. Kimya chake kikaja, ikawa sabini na tisa, kioo kikaanza kulia kama kifaranga.

Nimeusikia mlio huo. Wiki nzima nilikuwa nahesabu kwa vidole, kumbe namba ilikuwa inaporomoka hivyo.

Halafu wakamvalisha barakoa ya mpira puani, yenye bomba, na mashine ndogo inayosukuma hewa. Akalalamika inamkaba. Daktari akakaa naye, akamzoesha, dakika chache, anatoa, anarudisha. Alipolala nayo hakukoroma. Namba ikasimama tisini na nne na haikushuka. Uso wake ukalegea. Sijaona uso ule tangu awe kidato cha pili.

Nikamuuliza daktari kama kosa ni langu, kwa sababu ya kumlisha. Akasema mwili wa mtu una mambo mengi, na leo yeye hajali uzito umetoka wapi, anajali hewa itaingia vipi. Nikampenda tena.

Jumatano, 17 Septemba

Mama Njeru ameingia Majengo saa saba. Kesho ndiyo siku. Nilimpikia mukimo na mchuzi wa kuku. Alikula vijiko vinne akashukuru. Nikaona nikingoja sana nitangoja mpaka mazishini.

Nikasema nikitazama sufuria. Kwamba Makena anakoroma. Kwamba anakata pumzi. Kwamba pale kwa daktari nilidanganya kwa sababu yeye alikuwepo, na kwamba ndiyo sababu ya tarehe kusogezwa, si mashine tu.

Mama Njeru aliweka sahani chini.

"Nilimsikia siku ya kwanza alipolala kwangu Kanja, baada ya harusi. Nyumba nzima tulimsikia. Pale kwa daktari nilikuwa na jibu mdomoni, wewe ukawahi kusema hakoromi. Sasa ningekukosoa vipi, Mama Makena, mbele ya msichana mdogo vile? Wewe ni muthoni wangu. Nikatazama mkoba."

Wiki mbili hizi naye hajalala, amesema. Alitaka kupiga simu kila siku. Jumapili alipopiga alikuwa amekusudia kusema, nikamwambia habari za salio.

Tukatazamana. Wamama wawili wenye heshima zao. Yeye analinda uso wangu, mimi nalinda uso wa binti yangu, na mtoto katikati anakosa hewa. Tungemzika Makena kwa adabu.

Nikalia. Yeye hakulia, si mtu wa kulia. Alisema marehemu mzee wake alikoroma mpaka kuku wakahamia kwa jirani, na hakuna aliyemrudisha kwao. Kisha akachukua sahani akaomba aongezewe. Akala kama mtu wa Kangeta.

Alhamisi, 18 Septemba

Aliingia thieta saa tatu. Hakula tangu jana jioni. Nilitaka kumpa uji kidogo tu wa kumpa nguvu, Mama Njeru akanishika mkono. Tumbo likiwa na kitu linaweza kurudi juu na kuziba njia ya pumzi. Daktari alisema hivyo mara tatu, na zote tatu alinitazama mimi.

Benchi ni la chuma, baridi. Nilikaa. Nikasimama. Nikaenda mpaka mlangoni. Mlinzi akaniambia nikae. Nikamwambia yuko mwalimu mle ndani. Akasema mle ndani wote ni watoto wa watu.

Mwanamke aliyeingia baada ya Makena akatoka kabla yake, na mtoto, na watu wake wakafurahi. Nikawachukia.

Njeru akapiga simu, mtandao ukakatika. Akapiga tena, ukakatika. Mara ya tatu nikasikia neno moja, mama, basi.

Saa nne na nusu nesi akatoka mbio, akarudi na kitu kimefunikwa kwa kitambaa kijani. Mlango ukafunguka kidogo na nikausikia ule mlio wa kifaranga. Niliujua. Nikajua ni yeye. Nikaukimbilia mlango. Mama Njeru akanishika leso kwa nyuma kama unavyoshika mbuzi kamba, akaniketisha, akaanza kuomba kwa Kiembu. Nikaomba naye kwa Kimeru. Nilimwambia Mungu achukue majigambo yangu yote. Nilisema nitanyamaza sokoni mwaka mzima.

Mlio ukakoma. Hatukujua kama umekoma kwa uzuri au kwa ubaya. Hakuna aliyetoka kutuambia. Dakika hizo sitaki kuziandika.

Saa tano kasoro kumi mtoto akalia. Sauti nene, ya kulishwa. Bado sikuweza kufurahi. Nilikuwa nangoja sauti nyingine.

Daktari akatoka saa sita. Uso umelowa jasho. Akasema wote wawili wanapumua. Alisema hivyo tu, wanapumua, nikamkumbatia na kofia yake ikaanguka.

Ijumaa, 19 Septemba

Leo tumeruhusiwa kuketi naye. Yuko kwenye chumba cha kuangaliwa kwa karibu, nesi hatoki. Kibanio kidoleni, kitanda kimeinuliwa upande wa kichwa. Akiwa macho anapewa hewa kwa puani, akitaka kusinzia wanamvalisha barakoa. Dawa za maumivu wamemchagulia zisizozima pumzi. Nazo anaumwa kidogo zaidi, amesema. Lakini anaziona bora.

Ametueleza. Walimkalisha, sindano ya mgongo ikatafutwa mara tatu kabla ya kupata njia. Halafu hawakumlaza chali. Walikuwa wamepanga mashuka na mablanketi mgongoni mpaka kichwani, mlima mzima, sikio likawa usawa wa kifua. Ile hewa ya joto ikipuliza puani, anasema ni kama kuinamia sufuria ya githeri. Akawa sawa.

Walipoanza kumsukuma mtoto atoke, akahisi mtu amemkalia kifuani. Akataka kusema hawezi, sauti haikutoka. Mashine ikalia. Daktari wa usingizi akainua kichwa cha kitanda zaidi, akawaambia wenzake wangoje, nao wakaacha mikono. Akambandikia barakoa kwa mikono yake miwili, akainamisha uso karibu na wake.

"Mwalimu, vuta na mimi. Moja. Toa. Vuta na mimi."

Makena anasema alivuta kama mtoto wa darasa lake anayefundishwa kusoma. Namba ikapanda. Ndipo wakaendelea, na Igoki akatoka.

Nilimuuliza daktari koridoni ingekuwaje kama faili ingebaki na ile hapana. Alifikiri kwanza. Akasema mashine ingekuwa orofa ya juu, chumba kimefungwa, na kutoka pale mpaka thieta ni ngazi mbili. Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nimezipanda ngazi hizo leo kwa miguu yangu. Nimehesabu. Kwa mtu asiye na hewa ni mbali sana.

Jumapili, 21 Septemba

Mvua kidogo asubuhi. Mama Njeru yuko wodini, mimi niko kwa Mama Halima nafua. Nilimwambia ukweli wa ile siku. Akasema alijua, mtu aliyemwambia daktari hanywi chai vile.

Makena amekaa kitini leo. Amenyonyesha. Barakoa ataendelea nayo akilala mpaka atoke, na baadaye ana kliniki ya pumzi huko Embu, tumeandikiwa. Amenishika mkono bila sababu. Sikuuliza.

Mtoto ana kilo tatu na nusu. Mashavu ni yangu. Mama Njeru ameyatazama akakubali, na yeye hasemi uongo.

Njeru anafika Ijumaa. Makena anatoka Jumatano, anaenda Kanja. Wenzangu wa sokoni wamepata gari, watu kumi na wanne, na kuni juu. Wa kanisa la Mama Njeru wanapika. Mama Halima amesema naye anakuja, ataleta pilau.

Sherehe ya kumwona mtoto ni Jumamosi, tarehe ishirini na saba.